Hodi Yetu Mbele ya Wazungu

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kusema. Kibanda changu cha ndoo na masufuria pale Kariakoo nilikijenga kwa mgongo wangu, hakuna aliyenishika mkono. Lakini ngoma sikuijenga mimi. Niliikuta kwetu kusini, nikaja nayo mjini. Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kilikuwa na kikundi chake cha ngoma, nikawa kiongozi.

Ikaja enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Redio za Dubai ruksa, mitumba ruksa, kufunga kiwanda nako ruksa. Tukabaki na ngoma bila kiwanda, tukazihamishia uani kwenye nyumba niliyopanga nyuma ya soko. Mwenye nyumba, Mhindi mtu mzima mwenye adabu zake, akaniambia uani anataka kujenga stoo. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi ningejenga zamani.

Kwa hiyo lilipotangazwa tamasha, kwamba wanamuziki wa nchi nyingi watapiga katika hoteli moja ya mjini, mbele ya wazungu wanaotafuta vikundi vya kuzungusha Ulaya, kwetu halikuwa jambo la sifa. Wakituchagua, kikundi kinaishi. Wasipotuchagua, kila mtu ashike njia yake.

Tulifika mchana. Mwimbaji wetu alikuwa mama mmoja mkaanga samaki wa Feri, mwenye sauti ya kuvuka maji. Mchezaji wetu mkuu alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliyecheza kavaa kinyago, juu ya mironjo, ile miti mirefu ya kufunga miguuni mpaka mtu anakuwa kama nguzo ya umeme. Nyuma ya hoteli tukawasha moto wa makumbi ya nazi ili ngozi za ngoma zikaze. Mlinzi akaja mbio.

"Shikamooni wazee. Jamani, mnachoma hoteli ya watu!"

"Marahaba. Tungetaka kuichoma tungekuja na petroli, mwanangu. Tupishe," mama akamjibu.

Kikundi cha Waskoti, wazungu wa kaskazini ya Uingereza, kilikuwa kinangoja hapohapo, zamu yao ikitangulia yetu. Walikuwa watatu: mama wa fidla, lile zeze la Kizungu, mwanamume wa ngoma ndogo, na mzee mwenye zumari lililochomekwa kwenye mfuko wa ngozi. Mzee kavaa nguo ya mirabamiraba inayoishia magotini.

"Shemeji, mzee mzima kavaa sketi!" mchezaji wetu akaniambia.

"Na wewe ule msuli unaolalia unauitaje?" mama akamkata. "Gauni?"

Yule mzee akausogelea moto wetu, akatazama ngozi zinavyokaza, akaigonga moja kwa kidole, akaitikia kwa kichwa. Hatukuwa na lugha ya kusemeshana, ila fundi mwenzangu nikimwona namjua.

Wakaingia. Hawakumsalimu mtu wala kuomba ruhusa. Mzee akaukaba mfuko kwapani, ikatoka sauti kama ya ng'ombe anayelia ng'ambo ya bonde, kisha ikawa wimbo, fidla ikaufuata. Nasema kweli, ulinikamata. Ulikuwa wimbo wa msiba, hilo sikuhitaji mkalimani. Halafu ghafla wakageuza, wazungu wote wakaanza kupiga miguu chini. Ukumbi mzima ukasimama.

Zamu yetu. Sasa, kwetu ngoma haivamii. Inabisha hodi. Wapigaji na mwimbaji wanatangulia, wachezaji wanabaki nje ya mlango. Mwimbaji anaimba hodi mpaka mwenyeji mmoja ainuke, aseme karibuni, amfunike kanga mabegani. Hapo ndipo mironjo inaingia na uwanja unawaka. Kwenye harusi za Temeke hata hodi haijakolea, mwenyeji keshainuka.

Mama akaimba hodi. Wazungu wakapiga makofi, wakatulia. Akaimba tena. Makofi tena, na wengine wakapiga picha. Akarudia, sauti ikaanza kukwaruza, macho yote kwangu. Bwana mmoja wa waandaaji akaninyatia.

"Mzee, muda unakwisha. Ingiza wachezaji!"

"Hatujakaribishwa."

"Karibuni basi!"

"Wewe si mwenyeji, wewe umeajiriwa. Mwambie mmoja wa wale waliokaa mbele ainuke."

"Mzee wangu, hao hayo mambo hawayajui!"

"Basi waambie."

Hakuwaambia. Alitazama saa, akatupungia mkono tutoke. Shemeji yangu alikuwa nje ya mlango juu ya mironjo, kashika ukuta, jasho linamchuruzika chini ya kinyago. Ndani hakuingia.

Tulipotoka mama alinigeukia. "Si ungesema mwenyewe karibuni, tukapita?"

"Nijikaribishe nyumbani kwa mtu?"

"Nyumbani kwa nani? Hii hoteli!"

Nikainama kukusanya ngoma. Hata leo nikirudishwa pale nitabisha vilevile. Ngoma isiyobisha hodi ni fujo.

Yule mzee wa Kiskoti akaja na mkalimani, akauliza kwa nini wachezaji hawakuingia. Akaelezwa. Akatugeukia, akasema kwa Kiswahili kilichomkwama kooni: "Karibuni." Palepale, kwenye maegesho ya magari. Shemeji alikuwa keshafungua mironjo, kakaa chini anajikanda mapaja. Nikampa mzee wa watu mkono. Adabu alikuwa nayo, ila wa kuchagua hakuwa yeye. Na yeye alikuja pale achaguliwe, kama sisi.

Jioni wakatangaza. Waskoti walitajwa. Sisi hatukutajwa hata kwa bahati mbaya.

Stoo ilijengwa. Mama akabaki na samaki wake. Akipita kibandani kwangu ananisalimia vizuri, na ndoo ananunua kwa jirani yangu. Shemeji akaingia kazi ya kubeba mizigo. Siku moja nikakutana naye Mtaa wa Kongo, gunia shingoni. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto. Kisha akaniuliza kama nina mzigo wowote wa kushusha. Siku hiyo sikuwa nao.