Gari Jeupe Lililolala Makote

Mume wangu alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi nikiwa uani kwetu Mkomaindo, naanika nguo. Kazi yake iko Dar es Salaam. Anafunga vyumba vya baridi vya kuhifadhia samaki na nyama, na kwa miaka mingi nyumba yetu ya Masasi ilikuwa ikimwona Krismasi, Pasaka, na msiba ukitokea. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku. Watoto wetu wote wawili walikuwa wameshakwenda chuo, kwa hiyo nilibaki mtu mmoja na sufuria dogo.

"Mama watoto, mambo yamenyooka," akasema. "Tunanunua gari."

"Si tunalo?"

"Lile ni mkweche. Nasema gari!"

Akanitumia picha. Magari mawili makubwa ya kifahari yamesimama yadi moja, viti vya ngozi, paa la kioo. Jeupe lilikuwa la umeme mtupu. La kijivu lilikuwa haibridi, yaani lina betri na lina injini ya petroli, kimoja kikichoka kingine kinapokea. Akaniambia nichague.

Nikachagua la kijivu hapohapo, wala sikutazama viti. Nilikuwa natazama barabara ya kusini. Niliona lile jeupe litazunguka mjini Dar, litanywa umeme pale Dar, na kila likifika Kilwa litatamani kugeuza. Nami nitakuwa natumiwa picha. La kijivu lingejaza tanki, likaja.

Yeye moyo wake ulikuwa kwenye jeupe. Tukaanza kubishana, kila jioni. Na hapo ndipo nilipogundua jambo. Zamani simu zetu zilikuwa za umekula, nimekula, mama hajambo, basi usiku mwema. Sasa alikuwa akinieleza habari za betri, namna gari linavyorudisha nguvu likiteremka mlima, linavyoondoka bila sauti mpaka mbuzi hawalisikii. Alikuwa akicheka kama alivyokuwa akicheka alipokuja kunichumbia. Nikawa nauliza maswali ambayo majibu yake nilikuwa nayo, ili asikate simu.

"Ukilipanda hutabisha tena," akaniambia jioni moja. "Mwenye yadi nilisoma naye. Ananiazima nilijaribu. Nakuja nalo."

Alifika Masasi jioni, siku ya pili ya safari, macho mekundu. Alikuwa amelala njiani kwenye nyumba ya wageni, akiwabembeleza wenyewe wampe soketi moja. Sikulisikia gari likiingia. Nilikuwa napepeta mchele, nikainua macho, nikaona limesimama langoni na yeye amesimama kando yake. Nilisahau ungo. Tulipitisha waya dirishani mwa jikoni tukalichomeka, lakini saa chache baadaye umeme ukakatika mji mzima, na asubuhi ulikuwa haujarudi. Betri ilikuwa nusu.

"Nusu inatosha kufika kwa mama," akasema. "Huko tutalishibisha."

Mama yangu anaishi Makote, upande wa Newala, kwenye nyumba aliyojenga baba kabla hajafariki. Shule zilikuwa zimefungwa, basi tukapanda. Pale barabara inapoanza kukwea kwenda uwanda wa juu, gari lilikwenda kimya hata nikasikia kokoto moja moja chini ya magurudumu. Mikorosho ilikuwa imechanua, na harufu ya maua yake iliingia ndani ikatuzunguka. Mume wangu hakuwa ananusa chochote. Jicho lake lilikuwa kwenye kioo, namba ya betri ikishuka kila tukipanda.

"Mlima unalila," akasema.

"Pole."

"Usicheke."

"Sijacheka mimi."

Mama alitupokea kwa vigelegele. Mume wangu akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hili nalo mbona limekuja kama mwizi?"

Tukamweka kiti cha mbele ndani ya gari, uani palepale. Akapapasa ngozi, akatazama mawingu kupitia paa la kioo, akauliza kama mvua haiingii. Kisha waya ukavutwa hadi sebuleni, ukachomekwa pale alipokuwa akichomeka redio. Mume wangu alipanga kuondoka kesho yake. Siku zote ana mpango wa kuondoka kesho yake.

Jua halijatua, umeme ukakatika na huko. Jirani aliyetoka mjini Newala akasema nguzo imeanguka mahali fulani bondeni, na mafundi wanasubiri nyingine. Betri ilikuwa imebaki kidogo, isingetufikisha Masasi. Mume wangu alizunguka gari lile jeupe mara nyingi, akiwa ameshika kiuno. Akapiga simu Dar, akapiga simu Masasi. Hakuna aliyeweza kumletea umeme kwenye ndoo.

Mama akaninong'oneza kwa Chimakonde, kisha akaamua kusema kwa Kiswahili ili mkwe wake asikie. "Zamani kwetu mwanamume akioa alihamia kwa mkewe, akalima shamba la mama mkwe. Siku hizi mkwe anakuja kuchaji."

Nilidhani mume wangu atakasirika. Akacheka mpaka akakaa chini. Asubuhi aliomba panga, akaenda shambani kupunguza matawi ya mikorosho iliyozeeka.

Umeme haukurudi siku ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata tena. Mchana tulikaa tukila ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, tukiimenya kwa vidole, maganda yakirundikana miguuni. Simu yake ilizima akaacha kuitafuta. Alichota maji. Alirekebisha mlango wa banda la kuku. Niliona amesimama na mama, wanajadili mkorosho upi haufai kukatwa, kama watu wawili waliokuwa wakiishi pamoja siku zote. Nilitamani nguzo ile isipatikane. Nasema kweli yangu, nilikuwa nikiamka naomba giza liendelee.

Siku moja alasiri tukakodi bodaboda mbili, tukaenda Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo ardhi inaporomoka na bonde la Ruvuma linatandaa mpaka Msumbiji. Upepo ulikuwa mkali. Nikamuuliza nililokuwa nimelimeza miaka mingi.

"Kwa nini huji nyumbani?"

Akadhani nasema habari za gari. Akaanza kunieleza umbali.

"Sisemi umbali. Basi lipo kila siku."

Akaokota kijiti, akakivunja vipande.

"Nikija, naona mmejipanga bila mimi," akasema. "Sijui sukari inakaa wapi. Nikikaa kwenye kiti, unaniambia hicho cha kusahihishia madaftari, sogea hapa. Watoto wakipiga simu wanaanza na wewe, halafu wanauliza, baba naye yupo? Mke wangu, mimi ni mgeni ninayepewa heshima. Na mgeni akikaa sana anachosha."

Kila nilichokipanga nyumbani nilikipanga ili kutokuwepo kwake kusiniume, na sasa anakuja kujigonga nacho kama samani gizani. Nikamshika mkono mbele ya vijana wa bodaboda. Kwetu hatufanyi hivyo barabarani. Naye hakuuondoa.

Umeme ulirudi asubuhi moja tukiwa tunakunywa uji. Redio ya mama ilikuwa imechomekwa tena, ikaanza kusema yenyewe. Mume wangu akatazama waya, akanitazama mimi, akaenda kulichomeka gari. Lilikunywa mchana kutwa na usiku kucha.

Siku ya kuondoka mama aliamka kichwa kinamgonga, miguu imevimba. Shinikizo la damu ni jambo lake la zamani. Tukamteremsha Masasi nasi, akaonwa na daktari, akapewa dawa, akapata nafuu. Lakini njiani, akiwa amelala kiti cha nyuma, sote wawili tulikuwa na wazo moja. Ingekuwaje kama angeugua nguzo ikiwa chini?

"Sasa sema," mume wangu akaniambia tulipofika langoni. "Nitanunua utakalosema. Sibishi tena."

Moyo wangu ulitaka lile jeupe. Lilikuwa limenipa mume wangu kwa siku ambazo sikuwahi kuzipata tangu tuoane. Nilitaka litushinde tena njiani, tukwame, tusiwe na pa kwenda. Nikamtazama mama akishuka kwenye kiti, akitafuta ardhi kwa mguu.

"La kijivu," nikasema.

Akaitika kwa kichwa tu.

La kijivu lilikuja kabla ya msimu wa korosho. Ni gari zuri, sina la kulilalamikia. Limempeleka mama kliniki kila tarehe yake, ambayo tuliomba iwe Jumamosi, na hajawahi kukosa. Mume wangu naye anakuja mara nyingi kuliko zamani. Anafika Ijumaa usiku, Jumapili tunakwenda kanisani pamoja, amevaa shati nililompigia pasi, na watu wanatusalimu kwa mkono. Ibada ikiisha, anakula, anaaga. Hakuna kinachomzuia. Kile kiti cha kusahihishia nimekihamishia chumbani, na sukari nimemwonyesha.

Jumapili iliyopita nilimfuata mpaka dirishani mwa gari, ameshaliwasha.

"Kaa Jumatatu," nikamwambia.

"Kuna kazi kesho. Kuna chumba cha samaki kimeharibika, samaki wa watu wataoza."

"Najua. Nimekuomba tu."

Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani. Kwa muda mfupi nilidhani atazima. Kisha akasema, "Niombe tena wiki ijayo. Usiache kuniomba."

Nikafungua lango. Likapita taratibu, bado linatumia betri, halina sauti. Lilipofika barabara kuu injini ikapokea, nikaisikia ikinguruma kwenda mbali, nami nimesimama nimeshika komeo.