Kigae Kimoja Kilichobaki

Nilitoka ng'ambo na vigae viwili vyeusi, kila kimoja ukubwa wa ukucha. Kimoja dada yangu alikisugua kwa jivu mpaka kikawa cheupe.

"Ilikuwa imeshika masizi," alisema kwa furaha, "nikaona nikusaidie."

Masizi! Yale yalikuwa matabaka ya oksidi ya shaba, membamba ajabu, niliyoyalaza moja juu ya jingine kwa miezi minane chuoni. Zilikuwa aina mbili, zikipishana. Kila aina peke yake huuzuia umeme. Nilitaka kujua kama zikikaa pamoja na kupozwa sana zitauacha upite bila kizuizi hata chembe. Mashine ya kupimia ya chuo iliharibika, nami subira sina, nikaja na vigae hivyo likizo. Nilimfokea dada vibaya. Siku tatu jirani zetu wote wa mtaa wa Migosi walijua nimenuna.

Baridi ya kukipozea kigae kilichobaki ilikuwepo hapo hapo Kisumu. Daktari mmoja wa ng'ombe alihifadhi mbegu za madume kwenye mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, baridi kupita barafu, akiwapelekea wafugaji hadi Sondu. Nilimbembeleza asubuhi nzima.

"Kikombe moja tu, Bwana," akakubali. "Hii mbegu ikiharibika, ni wewe utaambia wenye ng'ombe."

Dada alinifuata bila kualikwa, akasimama mlangoni. Niliunga nyaya kwenye betri na mita, nikakitumbukiza kigae. Nitrojeni ikachemka, moshi mweupe ukamwagika mezani. Namba za mita zikashuka polepole, kisha zikakwama. Halafu zikaporomoka ghafla: sufuri. Nikakagua nyaya, zote nzima. Nikapima tena. Sufuri!

Daktari alichungulia, akatikisa kichwa. "Pole, Bwana. Imekufa."

"Yawa, ni mimi!" dada akalia. "Hata hii nilikuwa nimeanza kuipangusa!"

Nilikuwa nacheka kama mwehu. Nilimkumbatia mbele ya daktari na mtungi wake, nikamwambia mita ilikuwa ikipima kizuizi, kwamba umeme unapita bila kuzuiwa na chochote, kwamba sufuri hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta, na kwamba anisamehe kwa yote niliyomtamkia.

Alijifuta machozi, akaitazama mita.

"Miaka nne yote umekuwa huko ng'ambo," akasema, "ulikuwa unatafuta sufuri?"