Ile gia ya Nansio hakuikosea Fundi Lusato, niliikosea mimi

Mkuu uliyeandika kule juu kwamba fundi wetu wa Mirongo "anabahatisha meno kwa macho", futa hiyo comment. Humjui. Ile gia aliikata yeye, ila hesabu ilikuwa yangu.

Wakuu, habari zenu. Nimechoka, sina hata nguvu ya kutunga. Nawapa kama ilivyotokea.

Fundi Lusato alinipokea karakanani kwake sijui hata kushika vernier ya kupimia. Kuchora gia kwenye laptop nimejifunza mwenyewe kwa video, bando la kuungaunga. Unaipa programu idadi ya meno, inakupa mchoro. Nikaanza kujiona injinia.

Akaja mama mmoja wa Nansio, kule kisiwani, ana mashine ya kukoboa mpunga. Kashuka kwenye meli na gia ya kona, meno yamemeguka, yaliyobaki yamelika hadi mlalo haupimiki.

Kwa wasiojua: gia za kona huwa mbili, zinakutana kama koni mbili. Mlalo wa meno ya hii unategemea idadi ya meno ya ile.

Fundi akauliza, "Mama, mwenzake yuko wapi?"

"Yule mzima, baba, nimemwacha kwenye mashine. Kwani mzima naye anapelekwa hospitali?"

Karakana nzima kicheko. Fundi hakucheka. Akataka iletwe.

Mimi na kiherehere changu: "Mzee, ya nini? Mumewe ahesabu meno, atupigie. Programu itamaliza."

Mume akahesabu kwa kidole, bila kuweka alama ya chaki kwenye jino la kuanzia. Akasema arobaini. Kumbe yalikuwa thelathini na nane.

Fundi akanitazama weee. "Haya, nakuamini wewe." Akakata.

Wiki haijaisha mama karudi. Gia zilikuwa zinagusana pembeni tu, mpya imekatika, ile nzima nayo imelika meno. Msimu wa mavuno huo, wateja wamehamia mashine nyingine. Akamshushia fundi maneno mbele za watu: mzee umeisha, kaa nyumbani ulee wajukuu.

Fundi akajibu, "Nimekata mimi, mama. Nisamehe."

Na mimi nipo pale, laptop kwapani. Mimi ninayegombana na kila mtu humu, siku hiyo mdomo ukafungwa.

Tulikata upya zote mbili, zikakaa vizuri. Jina ndiyo halijakaa. Watu wa kisiwani sasa wanapita mlangoni kwetu wanaenda kwa wengine. Nikamwambia fundi nitasema ukweli, akanijibu, "Acha. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Mimi jina langu limeshafika mwisho."

Halijafika. Kesho napanda meli, namfuata yule mama kwake nimwambie ukweli, fundi atake asitake.

Nilichojifunza: gia ya kona iletwe na mwenzake. Na ukikosea, sema palepale, ukichelewa wanasema wengine.

Haya, nyie mnaomtukana mzee wangu: ni nani amebeba kosa lako mpaka leo, na wewe umenyamaza?