Binti yangu amenikataza vigelegele

Admin, nifichie jina, maana Waburundi wa Sydney tunajuana hadi sufuria. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Guildford, kazi yangu ni kutunza wazee kule Quakers Hill. Shule sikufika mbali, darasa la sita nililimalizia ukubwani, kambini Kigoma. Lakini watoto nimezaa, jamani! Hata anayenichukia anakubali. Wa kwanza ni nesi. Wa mwisho anapiga kinanda kanisani hadi mchungaji anasahau mahubiri. Katikati yuko huyu aliyenivunja moyo, nimwite Neema, ana miaka kumi na minane.

Neema alipokuwa sekondari, shule yao ilikuwa na kikundi cha wanafunzi wanaofuga ng'ombe na kuwapeleka kwenye maonyesho ya kila mwaka, huko ng'ambo ya milima kwenye maranchi. Siku hiyo mji mzima unahamia uwanjani. Kuna wanaopanda madume yanayorukaruka, kuna wanaokata manyoya ya kondoo, kuna mabibi wanaoshindana kwa keki. Wenzangu walinicheka. "Mama Neema, umevuka bahari yote hiyo ili mtoto achunge ng'ombe?" Nikawajibu, "Kwetu ng'ombe ni heshima. Wa kwenu wanachunga simu." Baba yangu alikuwa na ng'ombe kabla ya vita, hakuna hata mmoja tuliyekimbia naye. Kwa hiyo siku nilipomwona Neema anamsugua maksai mweusi, mkubwa kuliko friji ya kanisa, na yule maksai ametulia kama mtoto anayesukwa nywele, nililia. Nilisema mzee wangu huko aliko amepumzika.

Mwaka jana akachaguliwa kumwongoza yule maksai mbele ya majaji. Akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia ila hataki kukijibu, "Mum, ukija uje peke yako, na ukae kimya." Mimi nilisikia neno moja tu: uje. Nikakodi basi dogo, nikajaza akina mama wa kwaya, wote kitenge cha njano.

Jamani, mngemwona! Koti jeupe, mgongo umenyooka, kamba mkononi, ng'ombe anamfuata kama bwana harusi mwenye adabu. Jaji akampapasa maksai mgongoni, akarudi nyuma, akamfunga Neema utepe wa mshindi. Wazungu wakapiga makofi madogo madogo, kama wanaua mbu. Nikasema hapana, mwanangu hapigiwi makofi ya mbu. Nikaachia kigelegele, kwaya ikapokea, tukapita chini ya uzio na kumtandikia vitenge akanyage, vile tunavyomfanyia bibi harusi au mtoto aliyemaliza chuo.

Ng'ombe hajui bibi harusi. Aliona njano, akasikia zile sauti, akaruka. Neema hakuachia kamba, ndivyo walivyofundishwa, akaburutwa hadi kwenye uzio. Mkono ukavunjika.

Nilikimbia nikapiga magoti. Pembeni yake kulikuwa na mama wa Kizungu mwenye ranchi, ambaye Neema alikuwa akikaa kwake likizo, nimwite Mama Ranchi. Nikanyoosha mkono nimguse mwanangu. Akageuza uso kwa yule mama, akasema, "Mwambie aende nyumbani." Kwaya yangu yote imesimama pale inasikia. Hakusema mama. Alisema mwambie, kama mimi ni mpita njia.

Kwenye basi hakuna aliyeimba. Mmoja alijaribu kunichangamsha, "Ee, mchunga ng'ombe naye ana maringo!" Sikucheka.

Alipomaliza shule akahamia huko ranchi, ameajiriwa. Nimemwomba msamaha kwenye simu hadi maneno yameisha, anajibu "it's fine" na kukata. Simu ndefu anampigia mdogo wake. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Mama Ranchi hana ubaya wowote. Alinipigia mwenyewe akasema hajawahi kupata mfanyakazi anayeelewana na ng'ombe kama binti yangu. Nilisema asante. Moyoni nilisema, unanisimulia mimi? Huyo nimemtengeneza mimi.

Sasa maonyesho yamefika tena, ni mwezi huu. Safari hii Neema anaingia na ng'ombe wake mwenyewe, aliyemlea tangu ndama. Mdogo wake akamuuliza kwenye simu, ameweka spika, nikiwa jikoni nasikia, "Mama aje?" Neema akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili safi ambacho sijakisikia kinywani mwake tangu akiwa mdogo, "Aje. Lakini akae juu kabisa, asipige vigelegele, na asimwambie mtu yeyote kwamba yeye ni mama yangu mpaka nitoke uwanjani."

Nesi wangu anasema, "Mama, mlango umefunguliwa, ingia hivyo hivyo." Akina mama wa kwaya wanasema mama hafichwi, nisiende. Mimi silali vizuri.

Najua kuna watakaosema ni kunyamaza tu, kuna ugumu gani. Kunyamaza nakujua. Tulipokimbia vita nilinyamaza porini na mtoto mgongoni. Kambini nilinyamaza kwenye foleni ya mahindi. Hiyo yote ilikuwa hofu, na hofu inajua kufunga mdomo yenyewe. Furaha sijui inafungwaje. Atakapopita pale chini na ng'ombe wake, na jirani yangu kwenye benchi akaniuliza, "Yule msichana mzuri ni wa nani?", nitamjibu nini?

Ndugu zangu, niende nikakae huko juu kama mgeni, au nibaki Guildford nikiwa mama yake? Nisaidieni mawazo, mwenzenu nishike lipi?