Sauti ya Chuma Kirefu

Kwa miaka mingi Zephaniah aligonga kengele ya kanisa, mteremkoni Sagalla. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli ya garimoshi la zamani, lile lililosimama kila kituo na kujua abiria wake. Adhuhuri akigonga, mkewe Wakesho huko bondeni aliweka jembe chini akapanda nyumbani kula. Hawakuhitaji kuitana. Siku hizi watu hupigiana simu hata wakiwa chumba kimoja.

Kisha wezi wa vyuma chakavu wakaja na msumeno, wakaondoka na zaidi ya nusu ya reli. Kilichobaki kililia sauti nyembamba, kali. Zephaniah aligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Wakesho akaendelea kulima, amempa mgongo. Majirani walimtania kwamba mama amemchoka. Yeye hakucheka. Aliogopa kwamba masikio ya mkewe yamekufa, na kwamba watamalizia uzee wao nyumba moja, kila mtu peke yake.

Akampeleka hospitali Voi. Daktari alieleza kwamba kila sauti ni mtikisiko wa hewa: ukienda kasi, sauti huwa nyembamba, ukienda polepole, huwa nzito. Uzee ulikuwa umemnyang'anya Wakesho ile ya kasi tu. Ndiyo maana radi aliisikia, lakini ndege walikuwa wamemnyamazia.

Zephaniah akateremka Maungu kwa Kimanzi, fundi wa kuchomelea malori. Akaomba vyuma vitundikwe, akavigonga kimoja kimoja na kuvigusa kwa vidole. Kifupi kilimwasha kama kimejaa nyuki. Kirefu, cha chesisi ya lori, kilipumua taratibu, na sauti yake ikamshukia mpaka tumboni. Maisha yake yote alidhani anagonga chuma, kumbe alikuwa akitikisa hewa ya bonde zima hadi ndani ya mtu.

"Mzee, chukua hicho kifupi," Kimanzi akamshauri. "Hiki kitakuvunja mgongo."

"Acha kiuvunje. Nipe kirefu."

Siku kilipotundikwa kanisani, adhuhuri, aligonga mara moja tu. Bondeni Wakesho akanyooka, akaweka mkono kifuani. Jembe likaanguka. Alipanda mlima bila kupumzika, akamkuta mumewe bado ameshika nyundo.

"Baba Mwandawiro," akasema akihema, "mbona ulininyamazia muda wote huu?"