Nilitangaza kijito kina sumu, kumbe ni mihogo ya Mama Ngalula

Wakuu, salamu kwenu. Nakaa Kolwezi. Haya hata mke wangu sijamwambia yote, ila hapa nayasema kama yalivyokuwa.

Niko kwenye kikundi cha kujitolea, tunapima vijito vinavyoingia mto Lualaba. Si wataalamu. Tulipewa mafunzo siku mbili, kizibao cha rangi ya chungwa, chupa, na karatasi zinazogeuka rangi maji yakiwa na asidi.

Kanuni ya kwanza: chota katikati, maji yanapokimbia.

Siku hiyo nilipangiwa kijito kimoja nje ya mji, njia ya kwenda Kasaji. Ili ufike katikati unazama kwenye tope hadi magotini, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Naona aibu hata kuandika. Nikachota ukingoni, kwenye kidimbwi.

Mama Ngalula alikuwa pale. Ni mjane, anauza unga wa muhogo sokoni, ndio unaosomesha watoto wake. Akaniambia kwa upole:

"Mutoto yangu, enda katikati, fasi maji inatembea. Hapa naloweka mihogo, maji inakuwaka mukali."

Nikamjibu, "Mama, siye tulifanya formation." Yaani mimi wa mafunzo ya siku mbili namfundisha mtu aliyeloweka mihogo pale tangu sijazaliwa.

Karatasi ikawa nyekundu. Nikapiga picha.

Huku kwetu machimbo yako kila upande, kila mtu anasubiri kusikia mto gani umeharibika. Sikungoja kiongozi wetu ahakikishe. Nikatupia kwenye group la WhatsApp la mtaa: "Kijito kina asidi. Msinunue mihogo ya pale."

Kufika jioni picha iko sokoni. Watu wananipongeza, na kichwa kikanivimba.

Wiki iliyofuata kiongozi alinirudisha pale. Akachota katikati, karatasi ikatoa rangi ya kawaida. Akachota kidimbwini, nyekundu. Akaniuliza tu, "Humu wanaloweka nini?"

Mihogo ikikaa majini siku kadhaa inachacha, na maji yake yanakuwa makali. Mtoto yeyote wa huku anajua. Na mimi nilijua, ndicho kinachoniuma. Chupa ya katikati ilipelekwa maabara, hawakuona tatizo.

Nikaandika masahihisho kwenye group. Watu wawili waliweka dole gumba, basi.

Nikaenda kwa Mama Ngalula kuomba radhi. Magunia ya unga usionunuliwa yamejaa ukutani, na binti yake mkubwa yuko nyumbani, amefukuzwa shule kwa kukosa ada. Mama hakunitukana. Alisonga bukari, ugali wetu wa muhogo, kwa unga ule ule, akaiweka mbele yangu na sombe, yaani kisamvu.

"Kula, mutoto yangu."

Wakuu, majibu ya maabara yalikuwa mfukoni mwangu. Nilijua unga ule hauna kitu. Lakini mkono ukasita. Sekunde mbili, labda tatu.

Aliona. Akavuta sahani taratibu.

"Wacha. Kama weye unaogopa, nani atakula?"

Nilichojifunza ni kwamba maji unaweza kuyapima upya. Hofu niliyowapa watu sijui naitoaje, maana hata kwangu mwenyewe haijatoka.

Sasa kila Jumamosi naenda kwenye meza yake sokoni, nanunua unga, nawaambia wapita njia kwamba aliyesema uongo ni mimi. Wanacheka, wanapita.

Aliyewahi kuharibu jina la mtu akafanikiwa kulirudisha, anieleze alianzia wapi. Na mwenye matusi ayalete, nayastahili.