Niliset ESC za drone vibaya hapa Naro Moru, na kile Baba aliona ilipovuka mto

Wakuu, habari za jioni. Mwenye chai amimine kabisa, hii uzi si fupi. Yote nitasema hapa yalinipata mimi mwenyewe, hata pale ninapoonekana mjinga, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa solar hapa Naro Moru. Mwanamke, ndio, na ngazi napanda mwenyewe, kwa hivyo wale wa maswali hayo tuendelee tu.

Kazi yangu ni kufunga panel kwa mabati, kuweka battery, na kufokea watu wanaoua battery. Mtu anawasha TV, pasi na taa za vifaranga kwa mara moja, battery inakufa, halafu anapiga simu ati nilimuuzia takataka. Miaka yote hiyo kwa kichwa yangu kumekuwa na sheria moja tu: linda battery, hayo mengine baadaye.

Sasa mjue kwa nini fundi wa solar alianza kuunda drone.

Baba yangu alikuwa porter, wale wa kubebea wageni mizigo mlimani. Magoti yake yamekwisha. Mama alitutoka miaka mitatu iliyopita na tukamzika kwa shamba ya juu, ng'ambo ya mto, kwa sababu huko ndiko alilima viazi maisha yake yote.

Kufika huko unashuka bonde, unavuka mto kwa mawe, halafu unapanda. Mimi natumia dakika arobaini. Barabara ya gari hakuna. Kuna siku tulijaribu kumbeba Baba, akakasirika hata hatujafika mto. Akasema, "Mimi nimebeba mizigo ya watu miaka thelathini, sitabebwa kama gunia." Tukarudi.

Kwa hivyo tangu tuzike, Baba hajarudi huko. Kila Jumapili tukitoka kanisa ananiuliza, "Maitu, huko kwa mamako kuko aje?" Ananiita Maitu, yaani mama, kwa sababu niko na jina la mamake.

Namjibu, "Kuko sawa, Baba."

Basi siku moja nikaona video ya jamaa anarusha drone juu ya shamba yake, nikasema hii ndiyo dawa. Nitamrushia Baba mpaka kwa kaburi, aone kwa screen akiwa amekaa kwa kiti chake. Karatasi za kuruhusiwa kurusha nilishughulikia, na park siendi karibu, kwa hivyo tusianze vita kwa comments.

Frame, motor na camera nilinunua mpya. ESC nne nilichukua kwa kijana wa Kagio aliyekuwa anarusha ndege za mabawa, zile za foam.

Kwa wale wageni: ESC ni kakifaa kanakaa katikati ya battery na motor, na ndiko kanaamua motor izunguke kwa kasi gani. Drone yangu iko na motor nne, kwa hivyo ESC nne. Zote nne lazima zikubaliane, la sivyo drone inalala upande.

Hizi zangu ni za kitambo, hazina cha kuunganisha na computer. Unaziset kwa kusikiliza milio. Unapandisha throttle, ule mkono wa kasi kwa rimoti, mpaka juu, unachomeka battery, inaanza kuimba. Tii. Tii tii. Tii tii tii. Kila mlio ni setting yake, na ukisikia unayotaka unashusha throttle haraka. Ukichelewa, unaanza upya.

Wakuu, hiyo kazi ni ya mtu ako na subira, na mimi sina. Jumamosi zangu zote za msimu wa mvua ziliishia kwa workshop nikihesabu milio kama mwendawazimu. Propela nilikuwa nimetoa, hapo nijipe sifa. Usiwahi kuset ESC na propela zikiwa zimefungwa, utakosa vidole.

Nikafika kwa setting inaitwa low voltage cutoff. Hiyo inaambia ESC: nguvu ya battery ikishuka mpaka hapa, punguza motor, battery isiharibike. Kuna chini, katikati na juu.

Mimi nani? Fundi wa solar. Nikaweka juu, zote nne. Nikajiona mjanja sana.

Nikajaribu hapo kwa boma. Ikapaa kimo cha mtu, ikatulia, kuku wakatoroka, nikashusha. Mara tatu, hakuna shida. Nikaenda kumwita Baba.

Alitoka na ile koti yake ya mlimani, akakaa, nikamwekea screen kwa mapaja. Ilikuwa asubuhi, baridi kweli. Nikairusha, ikafika juu ya bonde. Nikaongeza throttle ipande upande ule mwingine.

Ikapinduka. Hivyo tu. Upande mmoja ukalegea, tumbo ikaangalia juu, ikaanguka.

Baada ya muda jirani yetu Mama Njoki akatokea na kikapu. "Ndege yenu imelala kwa viazi yangu," akasema. Mkono mmoja wa frame ulikuwa umevunjika.

Baba akaniuliza, "Ilikuwa inaenda kwa mamako ikachoka?"

"Ilichoka, Baba."

Akachukua bakora yake akaingia ndani. Wueh. Ningependa hata anichape na hiyo bakora kuliko kuniacha hapo nje hivyo.

Nikaamua ni motor. Nikanunua ingine, nikabadilisha mkono, nikairusha peke yangu bila kumwambia mtu. Ikapinduka tena, na sasa kwa kona tofauti! Hapo ndipo nilipaswa kujua motor haina makosa. Lakini mimi ni mkaidi. Nikabadilisha propela. Nikakaza kila skrubu. Nikalaumu hata yule kijana wa Kagio, maskini, na hakuwa amenikosea.

Mwishowe nikakubali kuuliza si ujinga. Kuna Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma anayefunza physics Nyeri, na anaunda drone na wanafunzi wake. Nikamtafuta Jumamosi moja na drone ikiwa kwa carton.

Hakushika hata bisibisi. Aliniambia tu nimtajie settings moja moja. Nilipofika kwa cutoff akaanza kucheka.

"Dadangu, umeset juu kwa nini?"

"Kulinda battery."

"Basi battery iko salama. Drone ndiyo marehemu."

Halafu akanieleza polepole, na mimi nawaeleza vile nilielewa. Ndege ya mabawa, motor ikipunguzwa nguvu, inateleza na hewa unaitua. Drone haina mabawa. Motor moja ikipunguza peke yake, hizo zingine tatu zinaipindua.

Na hii mahali yetu iko juu, hewa ni nyepesi, motor zinafanya kazi zaidi. Ongeza baridi ya asubuhi. Ukivuta throttle kwa nguvu, voltage inashuka kwa sekunde moja halafu inarudi. Battery haijaisha, imevutwa tu. Lakini ESC niliyoiset iwe mwoga inaona hiyo sekunde, inasema battery inakufa, inapunguza motor. Na hazipunguzi pamoja, yenye iko haraka inaanza. Ndiyo maana kwa boma ilitulia na kwa bonde ikaanguka.

"Battery ikiwa imechoka angani," akaniuliza, "nani anafaa kuamua drone irudi? Wewe ama ESC?"

Mimi. Kwa nyumba ya mtu, kifaa kikizima TV hakuna mtu anaanguka. Huku juu ni mambo mengine.

Tukakaa hapo tukarekebisha. Cutoff tukaweka chini kabisa. Tukaiambia ESC battery ni ile aina ya zamani ya nickel, ndio isifuate kipimo cha lithium, ambayo ndiyo battery yangu. Brake, ile ya kusimamisha motor ghafla, tukatoa. Throttle tukaisomesha upya kwa zote nne, ndio ziamke pamoja na zifike juu pamoja. Halafu kwa battery yenyewe tukafunga buzzer inayopiga kelele ikichoka, na kwa rimoti timer ya kunikumbusha kurudi. Cutoff ukishaiset hivyo na huna buzzer, ujue umebadilisha tu njia ya kuanguka.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, nikamtoa Baba tena. Nilimtengenezea screen kivuli cha carton.

Ikapaa. Ikafika kwa bonde. Nikavuta throttle, ikapanda bila shida yoyote. Aki nilifurahi!

Baba alikuwa ameinamia screen, anataja vitu. Mawe ya mto. Mti wa muiri ambao alitundikaga mzinga wa nyuki. Mpaka na Mama Njoki. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Halafu tukafika shamba ya juu na akasema, "Sasa nionyeshe."

Nikazungusha. Nikashuka kidogo. Nyasi tu. Nikadhani nimepotea.

"Iko wapi?" akauliza.

Halafu nikaiona. Ncha ya msalaba, mbao kidogo tu, imetokea katikati ya nyasi yenye inafika kiunoni. Zile roses Baba alikuwa amepanda kwa mkono wake siku tulipomzika Mama, magoti yakiwa bado yanaweza, hazikuonekana kabisa.

Wakuu, mimi ndiye nilikuwa napalilia hiyo kaburi. Jumamosi. Mara ya mwisho kufika huko ilikuwa kabla ya mvua, kabla nianze kusikiliza milio ya ESC. Na kila Jumapili nilikuwa nasema kuko sawa.

Timer ikalia. Nikairudisha, ikatua vizuri kuliko siku zote.

Baba akanirudishia ile screen nyeusi. Halafu akaniuliza, bila hasira hata kidogo, "Maitu, hii ndege inaweza kushika panga?"

"Hapana, Baba."

"Basi wewe kesho uende na miguu."

Nililia hapo hapo mbele yake, na mimi si mtu wa kulia.

Jumatatu nikafunga workshop. Nilienda na panga na jembe, nikarudi jioni mikono imejaa malengelenge. Roses mbili zilikuwa zimekufa, nne ziko hai. Nikamwambia Baba battery iko full, na mwangaza bado upo, nirushe ajionee mwenyewe vile kumekuwa safi.

Akasukuma screen kando.

"Hapana," akasema. "Keti hapa uniambie."

Nikaketi, nikamwambia yote, hata zile mbili zilizokufa.

Ndio hivyo, wakuu. Upande wa ufundi: ESC za ndege ya mabawa zinaweza kubeba drone, lakini toa cutoff ya woga, weka buzzer, na amua mwenyewe. Huo upande mwingine mmeshauona, sina haja ya kuhubiri. Kama kuna mtu anarusha huku juu, Nanyuki ama Mweiga, aniambie yake ameset aje wakati wa baridi. Na kama uko na mahali umekuwa ukisema kuko sawa na hujafika, usinijibu leo. Nenda kwanza.